Saini za Mickey na wenzake melini

Dada unayewatoa watoto Mwanza kwenda kupanda meli ya Disney, anza na saa. Kukutana na mabinti wa kifalme wa hadithi za Disney huwekewa nafasi mtandaoni. Ni bure, ila nauli yote iwe imeshalipwa. Kwa msafiri wa mara ya kwanza nafasi hufunguliwa siku 75 kabla ya meli kuondoka, saa 6 usiku ya mashariki ya Marekani, yaani saa 1 asubuhi kwetu (saa 2 wakati wa baridi yao). Uwe na bando tayari, nafasi huisha haraka!

Wengine, kina Mickey na Goofy, hutokea kwa ratiba iliyo kwenye Navigator, programu ya simu ya meli hizo. Fikeni dakika 15 hadi 20 kabla, maana foleni ikijaa hufungwa.

Daftari la kuwekewa saini nunua la kuchorea, lenye karatasi nzito, pamoja na kalamu nene, pale Makoroboi mjini Mwanza utavipata. Mikono ya kina Mickey yenye glavu kubwa haishiki vizuri kalamu nyembamba. Wino mzito hupenya, basi tumieni upande mmoja tu. Ukurasa uwe wazi na kifuniko kimetolewa kabla ya zamu yenu. Mtoto akiogopa, tafadhali usimsukume; apunge mkono kwa mbali kwanza.