Jibu: Daytona na "tutakupigia simu"

Kaka, umeuliza kwa nini duka la Dubai lilikuandika jina kwa saa ya Rolex aina ya Daytona, likasema "tutakupigia simu", kisha likanyamaza mwaka mzima, na pesa unazo. Pesa si hoja, bwana. Ile si foleni ya samaki hapa Malindi, kwamba aliyetangulia ndiye hupimiwa; wakala, yaani duka lililoruhusiwa na Rolex, anagawa saa chache alizoletewa, na huanza na wateja wake wa siku zote. Ndiyo maana Daytona ya chuma ni ghali zaidi kwa walanguzi kuliko dukani. Mimi ningetafuta iliyotumika yenye cheti. Rolex wenyewe walianzisha mpango huo wa kuthibitisha saa zilizotumika Desemba 2022. Bei itakuuma, ila ni halisi. Yule kijana wa ufukweni mwenye "saa ya Mtaliano aliyehama", mwache apite zake.