Kabla ya kuchagua samaki, angalia maji ya kwenu

Nikiulizwa samaki gani wanafaa kuanza nao, huwa najibu kwa swali: kwenu mnatumia maji gani? Watu hushangaa, maana walitarajia nitaje rangi na mikia. Lakini Dar es Salaam swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Nyumba hii ina bomba la DAWASA lenye maji ya Mto Ruvu, ya pili ina kisima kimechimbwa uani, mtaa wa nyuma wananunua ya boza. Samaki anayestawi kwa mmoja anaweza kufa kwa jirani yake ndani ya wiki.

Maabara huihitaji. Funua birika la chai. Ukikuta ukoko mweupe wa chokaa umeganda chini, na bafuni sabuni inagoma kutoa povu, maji yako ni magumu. Visima vingi vya jiji hili ndivyo vilivyo, na vile vya karibu na bahari vina chumvi pia.

Wenye maji ya namna hiyo waachane na neoni tetra. Najua, ule mstari wa buluu unang'aa dukani hadi unasahau bei. Ila asili yake ni vijito vya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo na yasiyo ya moto sana. Sebule ya Dar mwezi Februari hufikisha maji nyuzi 30 bila kuwasha chochote. (Hita unayouziwa pamoja na tangi ni kupoteza hela bure. Chukua kipimajoto.)

Chukua gapi au plati. Hawa ni wa ukoo mmoja, wanazaa vitoto hai badala ya kutaga mayai, na maji magumu ndiyo raha yao. Moli naye ni wa ukoo huohuo na anahimili hata chumvi, ila hukua mkubwa. Mwachie mwenye tangi pana zaidi. Kwa tangi la lita 60 mimi naweka gapi madume tu, sita au wanane. Muuzaji atakwambia, "Bosi, changanya na majike, wanaishi tu." Wataishi, ndiyo, na watazaa. Jike la gapi hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake huenda akakuletea vitoto. Baada ya muda unajikuta unagawia mtaa mzima samaki, na hakuna anayetaka.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunakimbilia samaki wa Amazon huku Ziwa Tanganyika likiwa na samaki ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawalipia fedha nyingi. Yupo Neolamprologus brevis, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi, ambaye huishi ndani ya kombe tupu la konokono. Dume na jike hushiriki kombe moja. Mwekee mchanga laini na makombe mawili matatu, kisha kaa umtazame. Anachota mchanga kwa mdomo, anatema pembeni, anarudi tena, mpaka kombe linazama na kubaki tundu la mlango tu. Ukisogeza kidole kwenye kioo anaingia kombeni na kukuchungulia. Maji ya ziwa lile ni magumu, yenye pH (kipimo cha asidi) karibu 9, kwa hiyo maji ya kisima yenye chokaa, yasiyo na chumvi ya bahari, hayamtishi. Kinachomsumbua ni joto, kwani kwao ni nyuzi 25 hadi 27. Weka tangi kwenye chumba chenye ubaridi zaidi nyumbani, na pampu ya hewa isizimwe. Wala usimchanganye na gapi. Ana wivu na eneo lake, na mkia mrefu wa gapi utachanwachanwa.

Mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wasubiri tangi kubwa, kwenye dogo watauana. Samaki wa dhahabu vivyo hivyo: anakua mno, anachafua maji na hapendi joto. Pleko anayeuzwa kama msafisha kioo huanzia urefu wa kidole na wengine hupita sentimita 30. Mwenye maji laini ya bomba anaweza kufuga beta (samaki mpiganaji) dume mmoja, peke yake.

Mimea nayo huyafuata maji yaleyale. Valisneria, yenye majani marefu membamba, hustahimili maji magumu, na hata ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe inaota. Seratofilamu haihitaji hata kupandwa. Iache ielee, itanyonya uchafu. Anubiasi ni ya Afrika Magharibi na ya Kati, ngumu kufa, isipokuwa ukifukia shina lake. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe, mizizi itashika yenyewe. Usiliweke tangi penye jua la dirishani, utavuna mwani. Taa ikiwaka kwa muda wa saa 7 kwa siku inatosha.

Panda mimea mapema, kisha weka samaki wachache baada ya wiki kadhaa. Kinyesi na chakula kinachobaki hutoa amonia, nayo huwa sumu kali zaidi kwenye maji ya moto yenye pH ya juu, yaani maji ya wengi wetu. Bakteria wa kuibadilisha huchukua muda kujenga makazi kwenye filta na mchanga. Kila wiki badilisha robo ya maji. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana klorini itoke.

Mimea ukiipunguza, ikaushe juani kabla ya kuitupa. Usiipeleke mtaroni ikaishia Mto Msimbazi.

Umeme ukikatika, tafuta pampu ndogo ya betri. Kama huna, chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga humohumo kutoka juu kila baada ya muda, hasa usiku, maana gizani mimea nayo hutumia oksijeni. Chakula subiri mpaka umeme urudi.