Ukienda Japani na kikundi, nenda nacho kijijini

Kila nikisimulia safari yangu, kuna anayeuliza kama inafaa kulipia safari ya kikundi Japani. Inategemea unakwenda wapi. Tokyo na Kyoto huhitaji mtu wa kukushika mkono: vibao vya stesheni vina herufi tunazozisoma, duka liko kila kona, na ukipotea unapotea kidogo tu. Milimani kwenye rasi ya Kii, kusini mwa Osaka, mambo ni mengine. Basi likikuacha unasubiri masaa. Nyumba ya wageni ina vyumba vinne, mwenyewe ni bibi wa makamo anayepika peke yake, na chakula cha jioni kikikupita, basi. Huko ndiko nilikokwenda mwezi wa Novemba kwa siku nane, abiria wanane na mwongozaji mmoja kwenye gari dogo, na huko ndiko ningekushauri upeleke hela yako ya kikundi.

Lakini uliza kabla ya kulipa. Neno "kikundi kidogo" linavutika kama mpira. Kampuni moja niliyoiandikia ilinijibu kwamba kwao kidogo ni watu kumi na wanane. Watu kumi na wanane hawaenei kwenye nyumba ya vyumba vinne, kwa hiyo mtalazwa kwenye hoteli kubwa barabarani na kijiji mtakiona dirishani. Ukipata kumi na wawili au chini ya hapo, sawa. Kisha hesabu usiku: ratiba inayokulaza kila siku mahali pengine ni ya kufungasha mabegi. Na usikubali Koyasan ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Koyasan ni mji wa mahekalu juu mlimani kwenye rasi hiyohiyo, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari. Mtawa Kukai, ambaye Wajapani humwita pia Kobo Daishi, alipewa mahali hapo na mfalme mwaka 816, na leo kuna mahekalu zaidi ya 100, karibu nusu yake yakilaza wageni. Watalii wa siku moja huja mchana na kushuka jioni. Wakishaondoka ndipo mji unapokuwa mji. Mwongozaji wetu alitupeleka Okunoin jioni hiyo: njia ya kilomita mbili katikati ya mierezi mirefu na makaburi yanayozidi 200,000, mengine yameota kuvu la kijani hadi maandishi hayaonekani. Mwishoni ndiko aliko Kukai, ambaye kwa waumini wake hakufa mwaka 835 bali yumo kwenye tafakuri, na kila siku watawa humpelekea chakula mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa nne na nusu. Kuanzia daraja la mwisho hakuna kupiga picha. Njiani mwambie mwongozaji akuonyeshe jiwe la ukumbusho wa mchwa, lililowekwa na watu wa biashara ya kuua mchwa. Nilidhani ananitania.

Wanawake hatukuruhusiwa kuingia Koyasan hadi amri ilipofutwa mwaka 1872. Pembeni mwa mji bado kuna ukumbi mmoja, Nyonindo, ambako waliotutangulia waliishia na kusali kwa mbali. Ratiba nyingi zinaupita bila kusimama. Omba msimame.

Kulala hekaluni kuna adabu zake, na nyingi zinahusu miguu. Viatu vinabaki mlangoni. Kwenye korido unavaa ndala za hekalu. Kwenye chumba chenye mikeka ya tatami unaingia na soksi tu (angalia zisiwe na tundu). Chooni kuna ndala nyingine kabisa, ambazo hazitoki chooni. Mimi nilitoka nazo. Nimefika katikati ya korido, mtawa kijana akapita, akaangalia miguu yangu, hakuniangalia usoni, akainama kidogo akaenda zake. Nilirudi mbio. Ndiyo maana nasema acha buti za kamba ndefu nyumbani, chukua viatu vinavyovaliwa na kuvuliwa haraka.

Ibada ya asubuhi ni kama saa kumi na mbili au na nusu. Mimi ni Mwislamu, nilikaa nyuma nikasikiliza, na hakuna aliyenitaka nifanye lolote. Wanakaa kwa kukunja magoti, na nilijiona nina mazoezi kwa sababu ya tahiyatu. Tahiyatu ya nusu saa kwenye baridi ya Novemba ni jambo lingine. Vigoda vifupi vipo nyuma, chukua bila aibu.

Chakula sasa, na hapa kosa ni langu. Kwenye fomu ya kampuni niliandika "sili nguruwe", nikaona yamekwisha. Hekaluni sikupata shida, kwa sababu watawa hupika bila nyama wala samaki: tofu ya ufuta laini kama maziwa mgando, tofu ya soya iliyogandishwa ikakaushwa, uyoga, mboga za mlimani. Tulipoteremka kijijini, jioni ya kwanza bibi mwenye nyumba alileta chungu kinachochemka ambacho supu yake ilikuwa na sake, pombe ya mchele, na samaki aliyepikwa kwa mirin, pombe tamu ya kupikia. Alikuwa ameshapika tangu mchana. Nilikula wali na kachumbari, yeye akasononeka kuliko mimi. Kwa hiyo andika yote mwezi mmoja kabla: nguruwe, sake, mirin. Hata hekaluni uliza, maana mirin huweza kuingia kwenye mchuzi. Asiyekula samaki naye aseme, kwa sababu supu nyingi za huko zinaanza na samaki mkavu.

Halafu wanakula mapema. Saa kumi na mbili jioni meza iko tayari, saa mbili kijiji kimelala, duka hakuna. Sisi tuliozoea kula saa tatu tunaamka na njaa usiku. Nilikuwa na pakiti mbili za korosho za Mtwara, nikawa nazitafuna gizani juu ya godoro la chini, polepole, nisimwamshe mwenzangu wa chumba.

Kumano Kodo ni njia za kale za mahujaji kwenye rasi hiyohiyo, na kinyume na Koyasan zilipokea wanawake tangu zamani. Kama hujazoea milima, usidanganywe na maneno "matembezi mepesi" kwenye tangazo; uliza mnaanzia wapi. Kutoka Hosshinmon-oji hadi hekalu kuu la Hongu ni kama kilomita saba, nyingi za kuteremka, katikati ya mashamba ya chai na nyumba za vijiji. Kuanzia Takijiri ni kupanda tangu hatua ya kwanza, juu ya mizizi. Mnamo Novemba jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, na msituni giza linatangulia. Njiani kuna vibanda visivyo na muuzaji: machungwa, plamu za chumvi, kikopo cha kutilia sarafu. Weka sarafu za yeni 100 mfukoni, na za basi pia: unapanda mlango wa nyuma, unachukua tiketi yenye namba, unalipa mbele ukishuka.

Begi kubwa lipeleke kwa huduma ya kusafirisha mizigo, kwa kawaida hulikuta hoteli ya mbele kesho yake. Visa tunahitaji, na ubalozi hutaka ratiba ya siku kwa siku. Ya kampuni inakusaidia sana hapo.

La mwisho ni kuoga. Mabafu ya chemchemi za moto ni ya wote, wanawake kwao, wanaume kwao, uchi, na unajisugua kabla ya kuingia. Nusu ya maswali ninayopata faraghani ni hili. Uliza kama nyumba ina bafu la kufunga mlango. Au fika Yunomine, kijiji cha chemchemi za moto, kwenye Tsuboyu, kibanda cha mbao juu ya kijito, bafu la watu wawili au watatu tu kwa dakika 30, mnajifungia. Unakata tiketi na kungoja zamu. Wakati wa kungoja unanunua mayai yaliyofungwa kwenye wavu, unayatumbukiza kwenye kisima cha maji ya moto hapo kijijini, unakaa na wenyeji wanaochemsha viazi vitamu vyao. Zamu yangu ilifika nikiwa bado namenya yai la pili.