Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Kiswahili Addis Ababa

SWALI: Natoka Tanga, nafundisha Kiswahili Addis Ababa tangu Oktoba. Kazi naipenda, ila maharage hayaivi hata nikiyabandika asubuhi, ugali unanuka unga mbichi, na ikifika jioni roho yote iko nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Tuanze na maharage, Mwalimu, maana kosa si lako. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Tanga maji huchemka yakifika nyuzi 100. Huko huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Ukizidisha moto, maji yanakauka tu, joto lenyewe halipandi. Dawa ni sufuria ya presha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya yapite maharage kwa vidole viwili, kisha hesabu dakika 30 hadi 40 tangu presha ianze kupiga mluzi. Usijaze sufuria kupita nusu, kwa sababu maharage hufura na povu lake huziba tundu la mvuke.

Ugali nao unaharibika kwenye uji. Unga wa mahindi ulizia sokoni au kwenye mashine ya kusaga kwa jina la yebekolo duket. Ukipata uliosagwa na pumba, uupike kama dona. Kwa mtu mmoja, chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji. Koroga vijiko 3 vya unga katika nusu kikombe cha maji baridi, mimina, uache uji utokote dakika 8 kamili. Wengi husonga baada ya dakika 2 au 3 kama walivyozoea pwani, na ile harufu ya ubichi inabaki. Ongeza unga kidogo kidogo, kama kikombe kimoja na robo, songa, kisha funika kwa moto mdogo dakika 5. Mboga isikusumbue: gomen ya sokoni ni jamaa wa sukuma wiki. Ukija likizo, rudi na tui la unga, maana ni jepesi kubeba.

Kuhusu jioni, una bahati ambayo wenzako walioko Ulaya hawana: saa za Addis na za Tanga ni zile zile. Simu ya kupigwa ukiwa tayari kitandani huacha ukimya mzito ikikatwa. Isogeze iwe saa 12 jioni, wakati nyumbani nao wako jikoni. Weka simu mezani, mpike pamoja, muulizane kilichoko motoni. Na jirani akikuita kunywa buna, usiseme una haraka. Kahawa hiyo hunywewa mikupuo mitatu, abol, tona na bereka (ndiyo baraka yetu hiyo), mara nyingi kwa bisi. Anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza ameikatiza. Tenga saa nzima au zaidi, na uende ukiwa umeshajua kusema ameseginalehu, yaani asante.

SWALI: Mwenye nyumba aliniandikia nifike 3:00. Nilikwenda saa tisa alasiri, nikakuta kashaondoka. Na mkataba wenyewe una mwaka 2017! Kuna makosa?

JIBU: Hakuna makosa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, tangu alfajiri. Tofauti ni kwamba sisi husema saa tatu asubuhi huku tukiandika 9:00, wao huandika 3:00 vile vile, na wengi hata saa ya mkononi huiweka hivyo. Tiketi za ndege hufuata saa za kimataifa. Kila ukipewa miadi, uliza ni asubuhi au jioni.

Mwaka wao una miezi 12 ya siku 30, na wa kumi na tatu, Pagume, wenye siku 5 au 6. Huanza tarehe 11 Septemba, au 12 mwaka wetu unaofuata ukiwa mrefu (wenye siku 366). Tangu hapo hadi 31 Desemba, toa 7 kwenye mwaka wetu. Kuanzia Januari, toa 8. Kwenye mkataba andikeni tarehe zote mbili, na mkubaliane kama kodi inafuata mwezi wao au wetu. Hapo ndipo ugomvi wa kodi huzaliwa.

SWALI: Nauli ni moja tu kwa mwaka. Niende nyumbani Krismasi au Julai?

JIBU: Kama shule yako inafuata kalenda ya nchi, nenda Julai au Agosti. Ndio msimu wa kiremt: mvua karibu kila siku, baridi, shule zimefungwa, wenzako wamekwenda kwao. Upweke wa miezi hiyo miwili ni mkali kuliko wa Desemba, kwa sababu huna darasa la kukuamsha. Tarehe 25 Desemba huko ni siku ya kazi. Krismasi yao, Genna, ni 7 Januari, na kabla yake Waorthodoksi huwa kwenye mfungo, hawali nyama, maziwa wala mayai. Ukilazimika kubaki Julai, nunua blanketi zito kabla ya mvua kuanza, na utafute mwanafunzi mmoja au wawili wa kufundisha asubuhi.