"Asidi kali" kwenye lebo ya chupa, kali kivipi?

Mwalimu mmoja wa kemia kutoka Tukuyu anauliza: maabara yao ina chupa mbili zimeandikwa kwa maka peni ASIDI KALI, moja ni hidrokloriki ambayo wameshaipunguza na maji kwa ajili ya praktiko, nyingine ni asetiki nzito haijaguswa, wanafunzi wanataka kujua ipi kali zaidi. Je, Kiswahili cha lebo hiyo kiko sawa?

Ndaga fijo, yaani asante sana, mwalimu. Kisarufi kiko sawa, ila hilo neno kwenye lebo litoe kabisa. Kali kwetu limebeba mambo mengi mno, jua kali, mbwa mkali, kule Iringa ukiambiwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ni mkali unajua umeshachacha siyo mtogwa tena, yaani ule mbichi mtamu, na tunaelewana kwa sababu kitu chenyewe tunakiona. Kwenye kemia kuna mambo mawili yanagombania neno hilo moja. Kuna nguvu ya asidi, yaani inavyoachia ioni za hidrojeni ikiwa ndani ya maji, hapo hidrokloriki ina nguvu na asetiki, ambayo ndo ya kwenye siki, ni dhaifu. Halafu kuna kukolea, yaani asidi kiasi gani kwa maji kiasi gani. Hapa ndo watoto wanaweza kuungua, maana akishafundishwa kwamba asetiki ni dhaifu anaona hata ikimmwagikia ni siki tu, kumbe ile iliyokolea inababua ngozi vibaya na mvuke wake unashika moto!

Angalia viwango vya Ulaya vya lebo za kemikali, asidi zote hizo mbili, yenye nguvu na dhaifu, zikifika asilimia 25 kwenda juu zinahesabiwa za kubabua ngozi na neno lake ni HATARI, kuanzia 10 hadi chini ya 25 zinashuka kuwa za kuwasha, neno lake ONYO. Lebo inafuata kukolea. Na mfumo wa Umoja wa Mataifa wa lebo za kemikali, uliotoka 2003, una maneno hayo mawili tu ya kushtua, wengine wanaandika TAHADHARI badala ya ONYO, sawa, ila chagueni moja muende nalo na msibandike HATARI kila chupa, watoto wataizoea.

Kwa hiyo andika: Asidi asetiki, iliyokolea. HATARI. Hubabua ngozi na macho. Hushika moto. Ile nyingine: Asidi hidrokloriki, iliyozimuliwa, kisha kiwango chake na tarehe. Kuzimua ni neno letu la siku nyingi la kupunguza ukali wa kitu kwa maji na linatosha kabisa (asidi ndo inamiminwa kwenye maji, siyo maji kwenye asidi). SUMU na picha ya fuvu viacheni kwa vitu vinavyoua vikimezwa, vikivutwa au vikipenya ngozi. Picha ya chupa yako ya asetiki ni ile ya matone yanadondoka, upande mmoja juu ya chuma, upande wa pili juu ya mkono unaolika, hiyo hata wa fomu wani ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga anaielewa, pamoja na ya mwali wa moto.