Usiandike "pango" kabla hujajua nani anakaa ndani

Dada, simamisha hiyo kazi. Usimpelekee mchapaji kitu chochote leo.

Nimesoma ulivyoandika. Una brosha ya kambi ya watalii karibu na Ishasha, kusini mwa hifadhi ya Queen Elizabeth hapa Uganda, Kiingereza chake kina neno "den" mara tatu, na mara zote tatu umeweka "pango" kwa sababu kuna mtu amekuhakikishia kwamba den ni pango. Sasa unauliza kama "tundu" lingefaa zaidi, utoze kiasi gani kwa ukurasa, na programu ipi ni nzuri kupangia kurasa. Mimi nilipofika kwenye "pango" tumbo likanikata, nikarudia kusoma nikiwa nimesimama. Huyo mtu aliyekuhakikishia, anatembea na kalamu mbili mfukoni na muhuri wa mpira kwenye mkoba? Nauliza tu.

Mwaka 2019 nilipata kazi kwa mama mmoja aliyekaa Marekani miaka mingi. Alikuwa anauza nyumba yake upande wa Kajjansi, nje kidogo ya Kampala, na alitaka tangazo la Kiswahili kwa sababu wateja wenye fedha taslimu, kwa maneno yake, walikuwa wafanyabiashara wa Kongo wanaoshukia mjini Kampala. Kazi nyepesi, ukurasa mmoja. Vyumba vinne vya kulala, sebule, jiko, "den" kando ya jiko, boizi kota ya vyumba viwili. Nikapita kote bila shida mpaka kwenye den nikakwama. Mimi mtu wa Bombo, Kiswahili nimekulia nacho, lakini den niliyoijua ilikuwa ya simba.

Nikampelekea mzee mmoja tuliyekuwa tunamwita Mwalimu, mshauri wa lugha wa kujitangaza. Akanitoza shilingi 50,000 "kuhakiki". Hata hakuketi. "Den ni pango, kijana. Yesu mwenyewe alisema pango la wanyang'anyi." Akagonga muhuri. Jamani, muhuri! Mimi na akili zangu nikauona ule wino wa zambarau nikaamini.

Nikachapisha nakala 2,000 pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, karatasi ya kung'aa, rangi pande zote. Sanduku moja bado liko chini ya kitanda changu, na nyuma ya karatasi zake watoto wanachorea magari. Ukilivuta utaona picha ya kochi la ngozi la kahawia, televisheni ukutani, zulia, mto mmoja umeanguka sakafuni. Chini yake kwa herufi nyekundu: PANGO KUBWA LA KISASA KANDO YA JIKO.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee wa Goma. "Nyumba munauzisha ao munapangisha? Pango ni ngapi kwa mwezi?" Nikadhani hajasoma vizuri. Ya pili, afisa mstaafu wa jeshi, Kiswahili cha kambini, kinyooofu: "Huyo mpangaji wa jikoni anatoka lini?" Hapo jasho likaanza. Kumbe mtu yeyote anayelipa nyumba akiliona neno pango kwenye tangazo anafikiria kodi ya pango, yaani kuna mtu humo ndani ana mkataba, na ukinunua utamrithi pamoja na masufuria yake. Nani anunue nyumba yenye ugomvi ndani?

Ya tatu ilitoka kwa mama wa Kasese. Huyo hakuuliza habari za kodi. Aliuliza kama kuna popo. Usicheke, huyo mama alikuwa na haki. Kwenye msitu wa Maramagambo, ndani ya hifadhi hiyohiyo ya Queen Elizabeth, kuna pango la kweli lenye popo na chatu, na mwaka 2008 mtalii wa Kiholanzi aliyeingia humo alikufa kwa homa ya Marburg, ambayo virusi vyake hubebwa na popo. Mtu wa pande zile ukimwambia pango kando ya jiko, haoni kochi.

Mwenye nyumba alisomewa tangazo na kaka yake kwenye simu, sentensi kwa sentensi, akitafsiriwa kurudi Kiingereza. Kisha akanipigia, sauti imepoa kabisa, afadhali angefoka. "Umeniwekea popo jikoni?" Mkataba ulisema makosa ya maneno ni yangu. Nikarudisha malipo ya awali, 300,000, na gharama ya uchapaji ikabaki shingoni mwangu, 1,600,000. Nikauza pikipiki. Mpaka leo nikipanda boda yenye taa iliyopasuka upande wa kushoto naangalia namba kwanza, isije ikawa ile yangu.

Nilimfuata Mwalimu nikiwa na tangazo mkononi. Unajua alinijibu nini? "Ulinipa neno, hukunipa sentensi." Aliyasema hayo akiwa na 50,000 zangu! Na kinachoniuma zaidi ya pikipiki ni kwamba nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Lakini mtu anayelipwa kuhakiki hawezi kuuliza "den ya nani"? Daktari ukimwambia "kichwa" anakupasua kabla hujamaliza sentensi?

Na ule ushahidi wake wa Yesu ndio ulionifumbua macho baadaye, nikiwa sina kazi wala usafiri, muda wa kusoma tele. Fungua Biblia ya Kiingereza ile ya King James. Wezi wa hekaluni wako kwenye den, na Danieli naye katupwa kwenye den. Neno moja. Sasa fungua Biblia ya Kiswahili ya Union. Wezi wamepewa pango, simba wa Danieli wamepewa tundu. Maneno mawili! Kwenye lugha za mwanzo yalikuwa mawili pia, huku pango, kule shimo. Kiingereza ndicho kilichowasukuma wezi na simba chumba kimoja. Yaani kitabu kilekile alichokipiga mfano kilikuwa kinamkanusha, kurasa za nyuma huko.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nimeilipia: usiguse den mpaka ujue nani anakaa ndani. Tafsiri mwenyeji, nyumba itamfuata. Kamari ina kijiwe, wezi wana maficho, ufuska una danguro. Kuna hata den za skauti wadogo wa Marekani, na hiyo si nyumba kabisa, ni kikundi cha watoto.

Sasa njoo kwenye zako tatu. Ya kwanza, ile ya kutembelea alfajiri, umesema ni ya fisi. Fisi wa mbugani hawa wengi wanalelea watoto kwenye mashimo ya ardhini, mara nyingi mashimo yaliyochimbwa na muhanga wakayapanua. Ndani kuna vijia vyembamba ambamo vitoto hupenya na fisi mkubwa hapiti, hata simba akija wamesalimika. Andika "mashimo ya fisi". Ukiandika "mapango ya fisi", mgeni atatoka kitandani saa kumi na moja na tochi ya kichwani akitafuta mlima, na aliyewahi kusikia habari za Maramagambo hatatoka kitandani kabisa.

Na meneja akikuomba uongeze "den ya simba" kwa sababu inavutia, mkatalie. Hao simba wa Ishasha watu wanakuja kuwaona wakiwa wamelala juu ya mitini, miguu inaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Simba hana kwake. Jike akizaa huwaficha watoto vichakani wiki chache, na anawahamisha kwa mdomo mmoja mmoja ili harufu isikae mahali pamoja. Waingereza wana "den ya simba" kwenye usemi wao wanapomaanisha mtu kajipeleka kwa maadui, na sisi hapo tunasema kajipeleka mdomoni mwa simba, mambo yameisha, hakuna nyumba inayohitajika.

Ya pili ina televisheni na vinywaji. Dada, hiyo ndiyo iliyoninyang'anya pikipiki. Ni kile chumba cha Wamarekani cha kukaa ovyo na familia, si sebule ya wageni wenye viatu. Chumba cha kupumzikia. Sebule ndogo. Baraza, kama ni ya wazi. Chochote, ila usiniandikie pango, nitakuja Mbarara kwa miguu.

Na tundu lako? Kwa fisi lingepita. Lakini ile ya tatu, "den ya watoto nyuma ya jiko", ukiigeuza "tundu la watoto", umejenga choo. Sisi tunahesabu vyoo kwa matundu. Shule ina matundu manane, matundu kumi. Mzazi akisoma tundu la watoto nyuma ya jiko atauliza kuhusu usafi wa chakula, na atakuwa na sababu.

Hiyo ya tatu hata mimi sikutafsirii. Watoto wa Kiingereza wakijenga kibanda cha matawi na mashuka ya mama yao nacho wanakiita den, basi huenda ni kibanda cha kuchezea. Huenda ni chumba chenye midoli. Huenda meneja alipenda tu lilivyosikika. Usikisie, na usimuulize mtu mwenye muhuri. Mpigie meneja kesho asubuhi kabla hajaanza kupokea wageni, umuulize swali moja: kwenye hiyo den nyuma ya jiko, nani yumo?

Akikujibu "nyani", rudi hapa tuanze upya.