Sindano na Uzi: Majibu kwa Wasomaji Wanaoshona Mapambo ya Nyumbani

SWALI: Shikamoo mama. Nilinunua doti ya kanga kwa sababu niliyapenda maneno yake, nikakusudia kuifanya mito ya makochi ya sebuleni. Foronya ya kwanza niliishona kwa cherehani, lakini maneno yalikatika katikati, na baada ya kuifua mara moja tu ilibana hata mto wa ndani ukakataa kuingia. Nimebakiwa na kanga ya pili ya doti hiyo, na sasa naogopa kuitia mkasi. – *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hofu yako ni ya haki, kwa hiyo usiikate leo. Kanga mpya hutoka dukani ikiwa imejaa wanga, nao uzi wake wa pamba haujaonja maji. Ukishaionjesha hujikunja, na kipimo ulichokipata kwenye kitambaa kikavu kisichofuliwa hakiaminiki tena. Iloweke usiku kucha katika maji baridi, uifue, uianike kivulini, kisha uipige pasi ingali na unyevu kidogo ili nyuzi zinyooke. Hapo ndipo utakapochukua futi kamba na chaki.

Kosa la pili ni kwamba ulianza kwa kuamua ukubwa wa mto, ndipo ukatafuta mahali pa maneno, ilhali kanga hudai utaratibu wa kinyume chake. Jina la kanga, yaani maneno yake, huandikwa sehemu ya chini ya mji (ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo), juu kidogo ya pindo, na mara nyingi ni refu kuliko upana wa mto wa mraba tuliouzoea. Pima urefu wa maneno yenyewe, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, uongeze sentimita sita kila upande, na huo ndio uwe urefu wa mto wako. Mimi nawashauri wengi washone mto mrefu badala ya mraba, kwa kuwa jina lililokatwa nusu humnyima msomaji maana, na mtu aliyechagua kanga kwa ajili ya maneno yake hawezi kufurahia kuyaona yamemezwa na mshono.

Tuchukulie kwamba mto wako utakuwa sentimita 70 kwa 40. Uso wa mbele ukate 72 kwa 42, yaani sentimita moja ya mshono kila upande. Upande wa nyuma usikate kipande kimoja, bali viwili vya sentimita 44 kwa 42, ili vipandane katikati na kuacha mlango wa kuingizia mto bila kuhitaji zipu. Katika kila kipande cha nyuma, kunja ukingo mmoja wenye urefu wa sentimita 42: kwanza sentimita moja, kisha mbili, upige pasi na kushona pindo hilo. Sasa laza uso wa mbele mezani, maneno yakikutazama, uweke juu yake vipande viwili vya nyuma vikiwa vimegeuzwa, na utaona kwamba vinapandana kwa sentimita 10 katikati. Bana kwa pini, piga bandi (mishono mirefu ya muda ya mkono) kwa uzi wa rangi tofauti, ndipo uzungushe cherehani pande zote nne. Pale vipande vinapopandana pita mara mbili, maana ndipo panapovutwa kila mto unapoingizwa na kutolewa, na ndipo foronya nyingi zinapoanzia kuchanika. Kata ncha za pembe kwa mshazari bila kuufikia mshono, ugeuze foronya, na uzisukume pembe kwa mpini wa mwiko. Ukitumia ncha ya mkasi utazitoboa.

Kanga ni nyepesi, hivyo uso wa mbele utakaa vizuri zaidi ukiutia bafta kwa ndani na kuvishona pamoja kama kitambaa kimoja. Bafta hiyo nayo ifuliwe kwanza. Na kama mto wako wa ndani umejazwa sufi, usiufue kamwe, kwa sababu sufi iliyolowa hushikamana mabonge na kukauka kwa shida. Uanike juani tu, na foronya ndiyo iende kwenye beseni. Uzuri wa doti ni kwamba kanga zake mbili ni sawasawa, kwa hiyo ukiipima hii ya pili kwa uangalifu utakuwa na mto mmoja kamili, na ile foronya iliyobana unaweza kuifumua na kuitumia pindo lake kuzungushia kingo za kitambaa cha meza.

SWALI: Ndugu mwandishi, nashona mapazia na vitambaa vya meza kwa cherehani cha kukanyaga nilichorithi kwa mama. Juu mshono unaonekana sawa, lakini chini uzi unafanya vitanzi na kujikusanya. Nimekaza skrubu ya bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) mpaka mwisho na hali ni ile ile. – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Vitanzi vikitokea chini, dada yangu, ugonjwa kwa kawaida uko juu. Uzi wa juu haubanwi vya kutosha, kwa hiyo ule wa chini unauvuta kupita kiasi na kuubakiza upande wa chini. Uchomoe wote uutie upya, lakini safari hii inua kwanza mguu unaokandamiza kitambaa. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vinavyobana uzi huwa vimefungwa, na uzi hupita juu yake badala ya kuingia kati yake. Hata mafundi wenye uzoefu husahau jambo hili wanapofanya haraka.

Ile skrubu uliyoikaza irudishe. Ikiwa kijumba cha bobini katika cherehani chako hutoka, kishike kwa uzi wake kining'inie, kisha uutikise mkono kidogo: kikishuka kidogo na kusimama, mkazo unafaa, kikiporomoka, kaza robo mzunguko, kikigoma kabisa, legeza. Baada ya hapo badili sindano. Namba 80 inafaa kanga na kitenge, namba 90 vitambaa vizito vya mapazia, na sindano iliyoshona kwa saa nane hivi imestahili kupumzishwa hata kama haijavunjika. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa kile kile utakachoshona, si kwenye kitambaa chochote kilicho karibu.

SWALI: Pazia nililoshona limekuwa refu upande mmoja baada ya wiki moja. Nilikosea wapi? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Ulishona pindo la chini mapema. Kitambaa kizito hujivuta kwa uzito wake, hivyo shona kwanza sehemu ya juu, ulitundike kwa siku mbili, kisha upime kutoka sakafuni na kukunja pindo la sentimita 10. Fumua hilo ulilonalo ufanye hivyo; kitambaa hakijaharibika.

SWALI: Mwanangu anaolewa baada ya Idi, nami nataka kumdarizia mashuka na foronya kwa mkono. Nilikuwa hodari nilipokuwa msichana, ila sasa sijui pambo liwekwe wapi wala lipi linadumu. – *Mama wa Unguja*

JIBU: Hongera, dada yangu, na Mungu aijalie ndoa hiyo heri. Pambo la foronya likae kwenye ukingo wa mlango wake, si katikati, kwa sababu katikati ndipo kichwa kinapolala na uzi ulioinuka hukwaruza shavu. Kwenye shuka, darizi ule upana unaokunjwa juu ya blanketi. Shanga na vimetameta nakushauri uviache kwa kitambaa cha meza au pazia.

Kwa maua na matawi, mshono wa mnyororo unatosha na hustahimili kufuliwa. Toa sindano juu ya kitambaa, uache uzi ufanye kitanzi ulichokishikilia kwa kidole gumba, rudisha sindano pale pale ilipotokea, kisha uitoe nusu sentimita mbele ndani ya kile kitanzi na uvute taratibu. Ukivuta kwa nguvu, kitambaa kitakunjamana, na pasi haitaponya.

Huko kwenu kuna hazina nyingine ambayo ningependa binti akaondoka nayo, nayo ni ule ufundi wa vitundu vya kofia. Piga kwenye pindo la foronya mstari wa vitundu kwa sindano nene, ukizisukuma nyuzi pembeni bila kuzikata, kisha zungushia kila kitundu uzi mweupe, mishono ikikaribiana mpaka kitambaa kisionekane katikati yake. Kazi hii ni ya polepole, kwa hiyo anza na foronya mbili, vitundu vikiwa vimeachana kwa upana wa kidole, na mashuka uyafuatishie muda ukiruhusu.